Mafua ya Bwana Mkubwa

Kwanza mjue kwamba mimi sikuwa mtu wa paka. Mimi ni fundi cherehani. Manyoya kwenye suti ya mteja, kucha kwenye hariri, mtu kajilaza katikati ya kitambaa ambacho hata hujakikata: hayo ndiyo mapenzi ya paka niliyokuwa nayajua. Nyumba nzima ilijua hivyo, na mama mkwe alijua kuliko wote. Ndiyo maana siku aliyokuwa anaondoka kwenda kwa mwanawe mkubwa, kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, alisimama mlangoni na mkoba wake, akanitazama toka utosini mpaka unyayoni kwa lile jicho moja lililokuwa bado linaona, akasema:

"Fundi, nakuachia Bwana Mkubwa. Nikirudi nimkute."

Hakusema nimkute ameshiba, wala nimkute msafi. Nimkute, basi.

"Utamkuta, mama," nikajibu. Mdomo wangu huo. Haujui kunyamaza hata siku ya kuapa.

Bwana Mkubwa alikuwa paka wa rangi ya chungwa, umri miaka kumi na mitatu, na tumbo lilikuwa linagusa sakafu akitembea. Marehemu baba mkwe ndiye aliyemleta, ndani ya mfuko wa koti, angali mdogo wa kujaa kiganjani. Mwaka uliofuata baba mkwe akafariki. Kwa hiyo mama mkwe akiongea na yule paka, sote tulijua anaongea na nani. Asubuhi anamsimulia alivyoota, jioni ananisengenya kwake. "Umeona Fundi wako alivyomwaga chumvi leo?" Na mimi niko pale pale, nasikia, nakata vitunguu.

Miaka kumi na moja nilikuwa nimeolewa nyumba ile, na miaka yote hiyo aliniita Fundi, kama vile nimekuja kupunguza pindo la suruali nikakawia kuondoka. Binti yake, yaani wifi yangu, ni mwanangu. Muuza maji akipita ni mwanangu. Mimi, Fundi. Mume wangu anaendesha malori ya safari ndefu, kwa hiyo ugomvi wa nyumbani humfikia kwa simu, ukiwa umeshapoa, na jibu lake ni moja: "Mzoee tu." Sikuwa nataka makubwa. Nilitaka yule mama siku moja anione kuwa ni mtu wa nyumba ile, na sasa nilikuwa nimepewa nafasi yenyewe mkononi, ina masharubu na inakoroma. Nikasema huyu paka hatapata hata kikohozi. Msinicheke.

Siku mbili tangu mama mkwe aondoke, Jumatano, nilikwenda uani kuchukua gunia la vipande vya vitambaa, nitoe cha kuwekea kiraka. Nikaingiza mkono. Kitu kikapiga chafya.

Weee! Niliruka nikaangusha kiti. Nilipopata ujasiri wa kuchungulia, nikaona watoto wawili wa paka, mmoja mweupe na mmoja wa kijivu, wamejikunyata juu ya bitana. Macho yamegandamana kwa usaha, pua zinatiririka, wanapumua kwa mdomo. Mama yao sijui kaenda wapi na sikumwona tena. Nilisimama pale na hasira zangu zote, maana hivi ndivyo nilivyo, mimi nikihurumia huwa nakasirika. "Nani kawaambia muje hapa?" nikawafokea. "Hamkuona nyumba nyingine?" Wakapiga chafya wote wawili kwa pamoja.

Nikampigia simu daktari wa mifugo, kijana mrefu mpole anayeongea taratibu hata ukimkatiza. Alikuja mchana ule, akawaangalia, akawapima joto, akaniambia ni mafua ya paka.

"Mafua tu?" nikasema. "Si watapona."

"Mafua ya paka si kama yako, Fundi. Ni virusi, na hakuna dawa ya kuviua. Hii ya maji na hii ya macho ni kwa ajili ya usaha tu. Dawa yenyewe ni wewe. Wafute macho na pua kwa maji ya uvuguvugu, wapate mvuke wazibuke, na chakula ukipashe moto kinukie. Paka asiyesikia harufu hali, na asipokula siku mbili tatu ndiyo basi tena."

"Haya."

"Na kuna mwingine humu ndani?"

Bwana Mkubwa alikuwa dirishani anatazama mtaa, mgongo ametupa. Daktari aliuliza umri wake, akauliza kama amechanjwa. Nikamwambia mama mkwe alikuwa anasema huyu hatoki nje, achanjwe ya nini. Daktari akambonyeza tumbo huku na huku, akaniambia figo zake ni za kizee, na mafua haya yakimpata si ya kuchezea.

"Haya maradhi yanapita kwa chafya, kwa mate, kwa kila kilichoguswa," alisema. "Mikono, bakuli, nguo. Watenge chumba chao. Mhudumie kwanza mzima, halafu wagonjwa. Vaa nguo nyingine ukiingia, ivue ukitoka, nawa kwa sabuni. Wiki tatu."

Sasa, ukitaka kumpa mtu kazi ya kufuata utaratibu, mpe fundi cherehani. Sisi tunapima mara mbili tunakata mara moja. Jioni ile ile nilikuwa nimeshamaliza. Chumba cha stoo, kilichopakana na chumba changu cha kushonea, nikakitoa kila kitu nikakipiga deki kwa maji ya jiki. Nikashona gauni la kuingilia, kutoka shuka kuukuu, mikono mirefu yenye lastiki, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Slipa za humo peke yake. Bakuli za humo peke yake. Beseni la kunawia mlangoni, sabuni, taulo. Na mlango nikauandika kwa chaki ya kukatia nguo, herufi kubwa: HAPAINGIWI NA NGUO ZA NJE. MIMI NDIYE NINAYEINGIA. USINIULIZE.

Siku zikaenda. Asubuhi Bwana Mkubwa kwanza: chakula, maji, mchanga wake. Kisha gauni, slipa, naingia kwa wagonjwa. Nawapakata mmoja mmoja, nawafuta macho kwa pamba, huku sufuria la maji ya moto linafuka kwenye kona. Nawapashia samaki wa kopo mpaka stoo inanuka kama soko. Yule mweupe alikuwa dhaifu zaidi, nilikuwa namlisha kwa bomba la sindano, tone kwa tone, na akimeza naona kama nimeshinda kesi. Natoka, navua, nanawa mpaka viwiko. Kisha nakaa kwenye cherehani, miwani puani, futi yangu ya kupimia shingoni, na Bwana Mkubwa anapanda mapajani kutafuta cha kuchezea mpaka usingizi umchukue. Hiyo ilikuwa mpya. Mama yake akiwepo alikuwa hanitazami hata usoni. Nikaanza kumwambia nilivyoota. Nikimalizia nageuka kuangalia kama kuna mtu amenisikia.

Mtu pekee aliyekuwa anakuja ni wifi yangu. Yeye anapima nyama buchani, msichana wa sauti ndogo na kicheko kingi, na nyuma ya ile bucha kuna paka kama saba hivi ambao ni wake kwa kila namna isipokuwa hawalali kwake. Kila Jumatano na Jumamosi alikuwa anapita na kifurushi cha maini aliyoyachemsha kwa ajili ya Bwana Mkubwa. Mimi namsimamisha kizingitini: umenawa? Umebadilisha gauni? "Nimenawa, wifi, nusa," ananinyooshea mikono, anacheka. "Hata hospitalini hawasumbuliwi hivi."

Jumamosi ya pili, asubuhi, niko naweka uzi kwenye sindano, Bwana Mkubwa kapanda mapajani. Akainua kichwa. Akakunja pua. Akapiga chafya.

Nikajiambia ni vumbi la kitambaa. Akapiga ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipomgeuza uso nikaona jicho la kushoto linachuruzika machozi.  Mchana nilimpashia maini yake, yale yale anayoyalilia siku zote, nikamwekea mbele. Akayatazama. Akaenda kulala.

Wifi aliingia saa tisa na kifurushi chake. Nilikuwa na mteja, mama mmoja wa makamo aliyekuwa anajaribu gauni la harusi ya mwanawe, nimempachika pini upande mmoja. Sikungoja hata wifi asalimie.

"Njoo!" nikasema. "Njoo uone kazi yako."

"Kazi gani, wifi?"

"Muangalie! Muangalie pua yake! Unashinda majalalani unashikashika paka wenye kila ugonjwa, halafu unakuja humu unamkumbatia huyu. Nilikwambia nini? Nilikwambia nini mimi?"

Alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kapu la Bwana Mkubwa, mkono ameunyoosha, na alipoyasikia hayo akaurudisha haraka akauficha nyuma. "Lakini wifi, nilinawa."

"Ulinawa wapi? Ulinawa macho! Mimi humu navaa, navua, naosha, mikono imechubuka, tazama! Hakuna njia ugonjwa ule utoke stoo, hakuna hata tundu la sindano. Umeuleta wewe. Marehemu baba yako kaacha kitu kimoja tu humu ndani, na wewe umekiua."

Yule mteja na pini zake alikuwa hapumui. Wifi alinitazama, midomo inamcheza, nikadhani atanijibu, na kusema kweli nilitaka anijibu.  Aliweka kifurushi mezani, taratibu, akakizungushia mfuko vizuri maini yasimwagike, akatoka. Kizingitini alijifuta mikono kwenye gauni lake, mara mbili, tatu. Nikasikia raha. Ndiyo, nilisikia raha, kama mtu aliyetua mzigo. Nilimgeukia mteja nikamwambia, "Inua mkono, mama, nipime kwapa."

Daktari alikuwa mashambani kwenye ng'ombe za watu, hakuweza kufika mpaka Jumatatu asubuhi. Kufikia hapo Bwana Mkubwa alikuwa na kidonda kwenye ulimi na hajala siku mbili. Daktari alimtundikia maji chini ya ngozi ya mgongo, akamchoma sindano, na alivyokuwa anafanya yote hayo mimi nilikuwa namhubiria. Nilimweleza wifi yangu alivyo mzembe. Nilimweleza utaratibu wangu, lastiki za mikono, jiki, slipa.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Unavyoingia na kutoka. Hatua kwa hatua. Nataka nijue umepitia wapi, maana wale wa stoo walikuwepo humu siku kumi kabla ya huyu kuugua."

Nikaona ananitilia shaka. Nikasema ngoja nimpe somo huyu kijana. Nikavaa slipa. Nikavaa gauni, nikaingia stoo, yeye kasimama mlangoni. Nikampakata mweupe, nikachukua pamba, nikamfuta jicho hili, nikamfuta hili. Alikuwa anaendelea vizuri, mweupe, alikuwa ameanza kunona. Nikamweka chini. Nikatoka, nikavua, nikatundika, nikanawa mpaka viwiko nikihesabu kwa sauti ili asikie. Nikakaa kwenye kiti changu cha cherehani.

"Halafu namchukua huyu," nikasema, nikamwinua Bwana Mkubwa nikamlaza mapajani. "Umeona kosa?"

Bwana Mkubwa alikuwa amefumba jicho moja. Akanyoosha mkono, bila nguvu, akavuta ile ncha iliyokuwa inaning'inia kifuani mwangu, akaitia mdomoni.

Daktari aliinama akaitazama. Kisha akauliza, "Na hiyo huwa unaivulia wapi?"

"Ipi?"

"Hiyo futi."

Nikapeleka mkono shingoni. Ilikuwepo. Mwenzenu niliishika kama ndiyo naiona kwa mara ya kwanza. Ilikuwepo nilipoingia stoo sasa hivi. Nilipovaa lile gauni niliitoa nje ya kola nikainyoosha isijikunje, naifanya hivyo bila kufikiri, miaka ishirini na miwili sasa, naivua nikienda kuoga tu. Ilikuwepo kila siku. Ilikuwepo siku za mwanzo, mweupe alipokuwa kwenye mapaja yangu, pua inamtiririka, akakidaka kile kichuma cha mwishoni akakinyonya akidhani ni titi, na mimi nikasema maskini, amemkumbuka mama yake, nikamwachia. Namwachia anyonye. Natoka nanawa mikono mpaka viwiko. Nakuja kukaa hapa.

  Niliivua ile futi nikaitupa chini kama nyoka, na Bwana Mkubwa akaifuata kwa macho.

"Daktari, usiniambie," nikasema.

"Sijasema kitu, Fundi."

"Basi usiseme!"

Alikunja mirija yake, akaipanga kwenye begi. "Siwezi kuapa kwamba ni hiyo," akasema mwishowe. "Ila ulikuwa unaniambia hakuna njia. Njia ipo."

"Na wifi yangu? Paka wa buchani?"

"Wale?" Akashangaa. "Wale niliwachanja mwenyewe. Aliniletea mmoja mmoja ndani ya boksi, mwezi mzima, jioni akitoka kazini. Sijaona hata mmoja wao na mafua."

 Daktari aliondoka, nadhani aliniaga, sijui kama nilimwitikia.

Sasa hapa mnisikilize, maana hapa ndipo sina pa kujificha. Simu ilikuwa mezani, karibu na mkasi. Namba ya wifi naijua kwa kichwa. Nilichotakiwa kusema ni maneno matano: wifi, si wewe, ni mimi. Niliichukua ile simu nikaiweka. Nikasema acha kwanza nimlishe huyu. Nikasema kesho. Na kesho yake, Jumanne, Bwana Mkubwa akaramba mchuzi wa samaki kwenye kidole changu, mara tatu, nikapiga kelele peke yangu ndani ya nyumba. Nikajipangia: atapona huyu, na akishapona nitamwita wifi, nimwambie kwa kucheka, unajua ni mimi bwana, ni hii futi yangu ya kijinga, na tutacheka wote, na mama mkwe wala hatakuwa na haja ya kujua. Nilimkosea wifi mbele ya watu kwa sauti ya juu, halafu nikataka kumwomba radhi kwa mzaha. Jumatano na kifurushi chake hakuja. Nilijua hatakuja na bado nilikuwa natazama mlango.

Alhamisi daktari alikuja tena kumtundikia maji, akambonyeza kiunoni, akatikisa kichwa. Mafua yalikuwa yanaachia, pua ilikuwa imezibuka, ila figo zilikuwa zimechoka na ile njaa ya mwanzo. Ijumaa hakuweza kusimama. Nilifunga kazi, nikaweka godoro sakafuni, nikawa namlowesha ulimi kwa pamba. Jumamosi saa nne asubuhi, jua limeingia mpaka kwenye godoro, alijinyoosha kama anavyojinyoosha akiamka, akatoa pumzi ndefu, nikawa nangoja nyingine. Haikuja. Nilingoja sana. Wale wawili walikuwa stoo wanafukuzana, nasikia vishindo vyao ukutani, wazima kabisa, wanakula sasa hata kipande cha mkate, na mimi nilitamani kwenda kuwapiga.

Nilikuwa najua mama mkwe anarudi wiki ile. Siku sikuijua. Saa saba mchana nikasikia teksi.

Aliingia na miwani myeusi na mkoba wake, anapapasa ukuta kwa mazoea. "Nimekatazwa kulia," ndilo neno lake la kwanza, hata salamu hakutoa. "Jicho bado bichi. Kwa hiyo kama kuna kitu, niambie polepole."

 Nilimshika mkono nikampeleka kwenye kapu. Nilikuwa nimemfunika Bwana Mkubwa kwa kipande cha hariri kilichobaki kwenye gauni la yule mteja wa harusi. Mama mkwe akapiga magoti kwa shida, akaingiza mkono chini ya kitambaa, akapapasa kichwa, masikio, mgongo mpaka mkiani.   Nikasubiri anipe vidonge vyangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila tusi.

"Umehangaika, mwanangu," akasema.

Nilidhani anaongea na paka.

"Njoo hapa," akasema. Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akapitisha vidole vyake juu ya michubuko ya jiki. "Nimeambiwa yote. Wifi yako alinipigia Jumamosi ile, analia, simwelewi anasema nini. Akaniambia, mama, ni mimi nimemwambukiza Bwana Mkubwa, nimetoka nao ugonjwa kwenye paka zangu. Akaniambia na wewe ulivyokesha, sijui gauni, sijui slipa. Akasema kama si mimi, mama, wifi angemlinda asiugue."

"Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Nikamwambia asikanyage hapa, wala asinipigie simu, mpaka mimi mwenyewe nitakapomwita. Mtoto nimezaa mimi, kumbe kichwani hamna kitu. Mgeni ndiye amenishikia nyumba." Akanibana mikono. "Na si mgeni. Nilikosea. Miaka yote hii nilikosea, mwanangu."

Jamani. Nilikuwa nalitaka neno lile miaka kumi na moja. Na nitawaambia ukweli, lilikuwa tamu. Hata pale, na yule paka kapoa pembeni yetu, lilikuwa tamu, na nilinyamaza ili lisiishe. Daktari asingesema kitu, si mtu wa maneno. Futi nilishaichoma jikoni. Hakuna aliyejua. Wifi mwenyewe ameamini, nilimfokea kwa uhakika mpaka akaamini, akaenda kujishitaki kwa mama yake kwa kosa langu. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu, na mimi sijawahi kunyamaza maishani mwangu ila ilipokuwa ni uovu kunyamaza.

"Mama," nikasema. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuanzia gunia mpaka futi, sikuruka kitu, mweupe anavyonyonya kile kichuma na mimi namwachia, paka wa buchani walivyochanjwa mmoja mmoja ndani ya boksi. Alikuwa bado ameshika mikono yangu. Nilipofika mwisho alikuwa ameiachia, sikuona ni wakati gani.



"Umejua lini?" akauliza.

"Jumatatu."

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi, mama."

Akavua ile miwani. Jicho lilikuwa jekundu, limevimba, na lilikuwa linaniona vizuri kuliko lilivyowahi kuniona. "Futi ni bahati mbaya," akasema. "Hata mimi ningeisahau, mtu hasahau kitu ila kile alichokizoea. Futi nakusamehe leo hii. Siku tano, Fundi. Mwanangu yuko huko siku zote hizi anajua ndiye aliyemwambukiza paka wa baba yake, na mimi nimemfungia mlango, na wewe simu unayo."

 Nilitafuta hata hasira, rafiki yangu wa siku zote, sikuiona.

"Piga," akasema. "Sasa hivi. Weka sauti ya nje, nisikie unavyomwambia."

Nilipiga.  Nilikuwa nimeshapanga neno la kuanzia, wifi, si wewe, nalirudia kichwani nisije nikakimbia. Simu haikumaliza hata mlio mmoja, utadhani alikuwa ameishika mkononi wiki nzima. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa panga la buchani na watu wanaagiza nyama, na sauti yake ikaja haraka haraka, ndogo, ya mtu anayeogopa kukatiwa.

"Wifi, shikamoo, naomba usikate, najua hutaki kunisikia na una haki. Sisemi kitu. Nauliza neno moja tu halafu nakata mwenyewe. Leo amekula?"